Mama Kadi Akikutaja, Umetajwa

Tarehe thelathini mwezi huu Mama Kadi anastaafu, baada ya miaka thelathini na moja katika kiwanda chetu cha uchapaji. Wanaoikumbuka siku aliyoingia tumebaki mimi na mashine kubwa, na mashine haijui kuandika. Kwa hiyo naandika mimi.

Alianza kwa kukata kadi za harusi, jina likatoka huko. Alipohamishiwa mapokezi ndipo biashara iliposhamiri. Wenzetu walibandika matangazo ukutani. Yeye alipita kwa wakili anayesajili kampuni, kwa mhasibu, kwa daktari wa meno. Mapatano yalikuwa mepesi: wao watuletee wanaotaka kuchapisha, nasi tuwapelekee wanaotafuta wakili au wanaoumwa jino.

Ila hakumtaja mtu kabla ya kumjaribu mwenyewe. Kwa ajili ya daktari aling'olewa gego. Kwa ajili ya wakili aliandikisha wosia akiwa mzima kama kigongo, hadi dada zake wakaja mbio wakilia, na mumewe akataka kujua kitanda kimeandikiwa nani.

Tuligombana naye mara moja ya maana. Mhasibu alitaka kadi zenye maandishi ya dhahabu yaliyoinuka. Nilisema mashine yangu inaweza, na hadi leo nasema inaweza. Mama Kadi akampeleka kwa mshindani wetu, ng'ambo ya barabara. Nikamwambia anamlisha jirani kwa sufuria yetu. Basi mhasibu akapata kadi zake, akaanza kutuletea wateja wake, duka baada ya duka: risiti, bahasha, kalenda. Aliwaambia kwetu mtu huambiwa ukweli hata kama kazi itakwenda kwingine. Sikubishana tena, kazi zilijaa, na wa kuiendesha ile mashine ni mimi tu.

Mwaka huu meneja alikosa usingizi. Wateja walikuwa wa Mama Kadi, si wa kiwanda. Kama wangeondoka naye, sote tungebaki nyumbani tukipiga miayo. Mama Kadi akawaita wakili, mhasibu na daktari wake, tai kwa koti jeupe, wakutane na atakayewapokea baada yake. Tulijua ni meneja, na meneja mwenyewe alishavaa tai. Mama Kadi akampita, akawapenyeza katikati ya marobota ya karatasi hadi mbele yangu, nina wino mpaka viwiko.

"Mtamtaja huyu," akawaambia. "Nimemjaribu miaka yote hii. Mdomo wake mchungu, lakini kazi mbovu haitoki mlangoni kwake."

Wakili akanipa mkono, akaurudisha ukiwa mweusi. Wiki iliyofuata zikaja kampuni mbili mpya, zikimuulizia Mzee wa Mashine. Meneja sasa analala.

Mama Kadi, ahsante kwa kutulisha sote, na jirani pia. Nenda ukaamke jua likishapanda, ukae na wajukuu, na afya isikupungukie. Wateja usiwawazie. Wamo mikononi mwangu, na mikono hii unaijua.