Masha Chirau na Radhi ya Bi Mwanarusi

Wazee wetu, majirani wa Mbaraki na wa Mji wa Kale, familia inawasomea maisha ya Jeremy Masha Chirau kama yalivyokuwa, hatukuja hapa kumremba, yeye mwenyewe angekasirika.

Alizaliwa Mbaraki tarehe 14 Machi 1968, kitindamimba wa mzee Chirau, kuli wa bandarini, na mama Nyevu, akamaliza darasa la saba mwaka 1982, akaacha shule kidato cha pili, kamera akajifunza mwenyewe kwa kupiga video za harusi pale Makadara. Tarehe 7 Desemba 1996 alimuoa Stacy, wakajaliwa Tsofa na Nyevu, aliyepewa jina la bibi yake.

Filamu alizokuja kutengeneza, za maisha ya kweli ya watu, ziliwachoma wengi, kwa kuwa zilitoa nje mambo ya ndani, lakini alikuwa na sharti lake, kwamba aliyepigwa picha aione kwanza, nyumbani kwake, kwenye shuka ukutani, asiporidhika kipande kikatwe. Sharti hilo alilivunja mara moja. Mwaka 2011 alimrekodi Bi Mwanarusi, mtunga asumini wa Mji wa Kale, akisimulia alivyodhulumiwa nyumba ya marehemu mumewe, naye alikubali sauti na mikono tu, Masha kwa pupa ya kuwahi onyesho akauacha uso, kichwa wazi, ukatazamwa na umati mzima. Mtaa ulimwakia, na ilikuwa haki yao. Bi Mwanarusi alimfungia mlango miaka kumi na minne.

Masha aliiondoa filamu, akakataa mialiko ya ng'ambo, akaikata upya ikabaki mikono ikitunga asumini, akaapa haitaonekana mpaka Bi Mwanarusi mwenyewe aione.

Figo zilimlaza tangu 2022. Aprili mwaka huu Bi Mwanarusi alisikia, akaja bila kuitwa, Stacy akatundika shuka, bibi akatazama hadi mwisho, kisha akamwambia, "Masha, baba, mikono hii ni yangu, nimeiridhia. Uso wangu uliutoa mbele za watu, basi na radhi yangu isomwe mbele za watu." Masha alilia, akacheka, akatuagiza tusiruke hata neno.

Alifariki Jumanne, tarehe 3 Juni 2025, mkewe akiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kulala nasi matangani, na wapiga kamera wenzake, hata wale aliowafokea.

Bi Mwanarusi, tunakuona hapo mbele, ahsante mama. Nawe Masha, imesomwa, hakuna neno lililorukwa, pumzika kwa amani.