Kumuaga Papa Kalaba, Karani wa Laisensi za Baiskeli

Mheshimiwa mukubwa wa Boma, waheshimiwa wakubwa wa biro zote za serikali, Padiri wetu, Mama Rosaria, prezidenti wa chama cha wamama wanaosaidia wafiwa, batata na bamayo, baba zetu na mama zetu wa Nchelenge, ndugu wachuuzi wenzangu wa ng'ambo, Zaïre, na wewe Papa Ackson Kalaba, mwenye tunakuaga leo: jambo yenu wote. Mwaiseni, mukwai.

Mimi ni Nkulu Roger, muuza vikwembe, vitenge vya kuvaa, hapa sokoni. Wachuuzi wamenituma niseme kwa jina lao, na tangu asubuhi kichwa kimenivurugika, kwa sababu sijui nianze kushukuru biro gani. Karatasi ya mwaliko inasema Papa Kalaba amekuwa, kwa miaka kumi na tisa, karani wa laisensi za baiskeli. Nimeisoma mara tatu. Baiskeli! Mimi sina baiskeli, sijawahi kuwa nayo. Basi mutu huyu na mimi tulikutana wapi? Na kama kazi yake ilikuwa baiskeli, ni nani alimutuma afanye yale aliyonifanyia? Nimeuliza, Mheshimiwa. Biro ya kwanza walisema si kazi yao. Ya pili walisema vilevile. Ya tatu walicheka. Pengine ni mimi sikusikia vizuri, Kibemba changu ni cha sokoni tu. Niruhusuni basi nieleze yaliyotokea, na ninyi wenye kujua kazi za serikali mutanifasiria.

Ilikuwa mwaka wa sabini na ine, mwezi wa tatu. Tulikuwa wageni hapa, hata miezi mine haijaisha. Asubuhi moja bibi yangu Delphine alifunga vikwembe kumi na viwili, akasema anakwenda kuviuza kwenye kisiwa cha Kilwa, humu ziwani, akashuka bandarini. Saa sita, mutumbwi wa Kilwa unazunguka kisiwa, ukishusha watu na kupakia wengine, upepo uliupindua. Wengine waliogelea, wengine hapana. Siku ya tatu wavuvi walileta mwili wa mwanamuke, wakaniita.

Nilifika, nikaona kikwembe. Cha buluu, chenye ndege wa njano. Ni kikwembe cha Delphine. Maji ilikuwa imemubadilisha yule mutu, na mimi sikuangalia zaidi. Nilisema, "Ni yeye," nikaanguka chini.

Ndugu zangu, kile kikwembe niliuza mimi mwenyewe. Niliuza vipande makumi tatu vya namna ile, hapa, Kashikishi na hata Kilwa. Mutu mwenye amevalisha wanawake makumi tatu nguo moja, namna gani anaona ile nguo na kusema, huyu ni wangu? Mpaka leo sijui. Najua tu kwamba nilisema, na kila mutu aliniamini, kwa sababu nani atabishana na mume?

Mama Rosaria na wamama wake walimuogesha, wakamufunga sanda, wakaimba. Hatukuwa wa kanisa lao, hatukuwa wa inchi yao. Je, waliuliza? Hawakuuliza. Tulimuzika kesho yake, nikaweka musalaba wa mbao na jina Delphine.

Kisha wakaniambia kifo lazima kiandikwe Boma. Nilikwenda. Huku wakanituma kule, kule wakanirudisha huku, na mwisho nikakaa mbele ya meza ya Papa Kalaba kwa sababu moja tu: ndiyo ilikuwa na kiti. Akaniuliza, "Umepoteza baiskeli?"

Nikamujibu, "Nimepoteza bibi."

Aliweka muhuri wake chini. "Pole, mukwai. Jina lake?"

"Delphine."

"Ndilo liko kwenye karte yake ya kitambulisho?"

Hapo nikachoka. Ninyi wa upande huu pengine hamujui: serikali ya kwetu ilikuwa imekataza majina ya kizungu. Kwenye karte bibi yangu akawa Ngoie. Nyumbani akabaki Delphine. Na mimi mwenyewe namuita mama Zéphirin, kwa jina la mutoto wetu wa kwanza. Papa Kalaba aliandika majina yote matatu, pole pole, akaniomba niyarudie. Nilimukasirikia. Nilijiambia: huyu muzee anachezea kilio changu. Maiti anahitaji majina matatu ya nini?

Alikuja matangani jioni ile ile, akaketi na sisi. Akarudi kesho, na kesho kutwa. Siku ya nane wakaninyoa kichwa. Siku ya tisa, saa ine ya asubuhi, namuona anakuja tena, safari hii anakimbia, shati limelowa jasho, mukononi karatasi mbili: barua moja, na ile aliyoandika majina matatu.

"Papa Nkulu," akasema, "bibi yako, lile jina lake la pili ni Ngoie?"

"Ndiyo."

"Na huyu Ngoie ndiye tunamulilia?"

"Si ulikuwepo matangani, Papa?"

"Nilikuwepo. Ndiyo maana sielewi. Hii barua dereva wa kamio ameileta Boma kutoka dispensari ya Kafutuma. Yuko kule. Anakunywa uji, na anakutukana kwamba humutafuti."

Je, ninyi mungefanya nini? Wengine wangecheka, wengine wangepiga vigelegele. Mimi nilikataa. Nilimuambia, "Bibi yangu amekufa, niache." Papa Kalaba alinishika mukono kama kipofu, akanipandisha kamio, akaketi pembeni yangu mpaka Kafutuma.

Delphine alikuwa ameketi kwenye kitanda, mwembamba, macho makubwa. Nilijificha nyuma ya mugongo wa Papa Kalaba. Muwe na huruma, musinicheke: niliogopa.

"Mbona umekawia?" Delphine akaniuliza. Kisha akaona kichwa changu. "Wamekunyoa? Nani amekufa?"

Nikasema, "Weye."

Akatueleza. Bandarini aliona mutumbwi umejaa kupita kiasi, akabadilisha mawazo, akapanda kamio ya Kafutuma kuuza kule. Homa ikamukamata njiani. Siku nyingi hakujua hata yuko wapi. Alipopata akili muganga akamuuliza jina, naye, mugeni kwenye inchi ya watu, akatoa lile la karte. Ndiyo basi. Nilicheka, nililia, nikaita wagonjwa wote ndugu zangu. Furaha ilinijaa mpaka sikusikia swali la bibi yangu. Alirudia mara ya pili.

"Sasa muliyemuzika ni nani?"

Mheshimiwa, ile furaha yangu iliishia pale. Siku tisa nilikuwa nimelia juu ya binti ya mutu. Niligeuka nimutazame Papa Kalaba. Alikuwa amekwisha kutoa kalamu.

Jumamosi tatu, siku zake za kupumuzika, mutu wa baiskeli alivuka maji kwenda kisiwa cha Kilwa. Alikwenda kijiji kwa kijiji, akiuliza kila nyumba: ni nani alitoka na hajarudi? Ile Jumamosi ya tatu alimupata Bwana Musonda, muvuvi. Binti yake Febby alikuwa ameaga anakwenda kwa shangazi yake mujini Mansa, kwa mwezi muzima. Nyumbani walijua atalala bandarini, apande mutumbwi wa kesho yake. Hawakuwa wanalia. Walikuwa wanangoja barua.

Papa Kalaba alikuja naye. Nilitamani nikimbie sokoni, lakini Delphine alinikatalia. Tulisimama wote pale kaburini, hata Mama Rosaria, na Bwana Musonda akaniuliza, taratibu, bila hasira: "Weye ndiye ulimuona mwisho. Niambie, uso wake ulikuwa namna gani?"

Nilipaswa kumuambia ukweli. "Batata, sikuuangalia."

Kisha Mama Rosaria alisogea, akasema, "Mimi niliangalia. Nilimuogesha kwa hii mikono. Alikuwa na alama ya moto hapa, juu ya kiganja."

"Ya kukausha samaki," Musonda akasema.

"Na nywele zilikuwa zimesukwa mupya, mistari midogo midogo, mizuri."

"Dada yake. Ile asubuhi." Ndipo akalia.

Tulimuuliza kama anataka kumurudisha Kilwa. Alikataa kumusumbua. Papa Kalaba mwenyewe alipaka rangi musalaba, akaandika Febby Musonda. Na mimi nilibaki nimesimama, sijui nifanye nini na mwili wangu. Bibi yangu yuko hai pembeni, na binti ya mwenzangu yuko chini, na machozi niliyalia kwa mumoja yakamuangukia mwingine. Niliomba msamaha. Bwana Musonda akaniuliza neno moja tu.

"Ile siku tisa ulilia kweli, ama ulilia kwa desturi?"

"Kweli, Batata."

"Basi mutoto wangu hakuzikwa kama kitu kimeokotwa. Aksanti."

Yuko hapa leo. Yule pale, ameketi na Delphine. Ameniita shemeji tangu siku ile, na wazee wa pande zote mbili wameshindwa kunieleza ni ushemeji wa namna gani.

Papa Kalaba, mwaka jana nilikuuliza kwa nini ulifanya yote. Ulinijibu, "Ulikaa kwenye kiti changu." Nimelifikiri lile jibu mwaka muzima. Mheshimiwa, labda wewe utalielewa kuliko mimi. Najua tu kwamba Jumatatu mutu mwingine atashika ile meza, na siku moja atakuja mugeni mwenye hajui anatafuta biro gani. Ninakuomba, kwa heshima zote: usimuache yule karani mupya aambiwe kwamba kazi yake ni baiskeli tu.

Papa, nenda salama kwenye shamba lako. Wamama wa chama, Mungu awalipe. Natotela sana, mukwai. Na ninyi nyote, wenye mumevumilia Kiswahili changu na machozi yangu juani hapa, aksanti kwa kunipa masikio yenu.