Marehemu Wetu Anastaafu Akiwa Mzima wa Afya

Ifikapo Juni 30, fundi wa maabara wa Idara ya Sayansi ya Uchunguzi wa Jinai atakabidhi funguo baada ya miaka thelathini na miwili ya kazi. Chuo kizima kinamwita Marehemu, naye huitika. Naomba msomaji asishtuke. Huu ni wasifu wa mstaafu, sio ule mwingine.

Jina lilianza mwaka wake wa pili kazini. Chumba cha mazoezi, kile chenye kitanda, meza iliyopinduliwa na utepe wa njano mlangoni, kilikuwa na sanamu ya kulazwa sakafuni ili wanafunzi wachunguze imekufaje. Sanamu ikavunjika shingo. Yeye akajitolea kulala pale kwa wiki moja tu, mpaka iletwe mpya. Mpya bado iko njiani.

Tangu hapo ameuawa kwa kisu, kwa sumu, kwa kuanguka ngazini, na mara moja kwa pasi ya umeme. Damu huipika mwenyewe kwa sukari na rangi nyekundu. Mimi ninayefanya usafi wa jengo hili nimeipigia deki damu hiyo miaka kumi na tisa, na mwanzoni nilikuwa nasali kwanza mlangoni. Siku moja sukari ilizidi, sisimizi wakajaa, na wanafunzi wakaandika kurasa nne kuhusu sisimizi. Mwalimu alitaka kuwafelisha. Marehemu akawatetea kwamba wameandika walichokiona. Hilo ndilo somo lake pekee: andika unachokiona, usiandike unachokitarajia.

Siku za usajili wazazi humzunguka wakitaka kujua mtoto akisoma mambo haya atakuwa nani, maana wao walishazoea kusema daktari. Huwahesabia kwa vidole: huyu yuko maabara ya serikali anapima sumu, yule yuko benki anakamata sahihi za kughushi, mwingine anatoa ushahidi mahakamani huku mawakili wakimtoa jasho, na wawili wamerudi kufundisha hapa hapa. Baba mmoja akamuuliza kama na yeye alisomea kulala chini. Akamjibu kuwa hapana, hicho ni kipaji.

Kuna mtihani ambao hatuusahau. Unga wa kutafutia alama za vidole ulimwingia puani, naye marehemu akapiga chafya. Darasa likatoka mbio, wengine kupitia dirishani. Akabaki binti mmoja tu. Alimshika mshipa wa mkono, akatazama saa, akaandika: saa nne na dakika kumi na mbili, marehemu amepiga chafya. Leo binti huyo ni mkuu wa kitengo cha alama za vidole mjini, na mwaka huu ndiye aliyetuokoa.

Nasema kutuokoa kwa sababu kosa lilikuwa langu. Vyeti vya kifo vya mazoezi, Marehemu huviandika kwa jina lake halisi. Husema jina la kubuni halimtii mwanafunzi uchungu. Mwezi wa tatu niliombwa kufunga bahasha ya karatasi zake za kustaafu ofisini kwake. Cheti kimojawapo kilikuwa juu ya meza ile ile yenye karatasi hizo. Nikakifunga humo humo.

Alipokwenda na mkewe kufuatilia mafao, karani kijana alimpa shikamoo kwa heshima zote, akamjulisha kuwa mwenye faili amefariki, akampa pole, kisha akaomba aje ndugu wa karibu. Mama akamwambia kwamba kwa upande wa kuosha vyombo ni kweli alishafariki zamani, ila kwa kula na kukoroma yu hai. Karani hakucheka. Kompyuta ilishasema. Kama isingesahihishwa kabla ya siku ya kustaafu, mzee wetu angetoka hapa akiwa marehemu wa kweli kwenye kila karatasi, na uzee wake ungeishia kwenye foleni za maofisi.

Nilifunga siku mbili nikimwomba Mwenyezi Mungu anitoe kwenye aibu ile. Marehemu yeye akamweleza mkuu wa idara kwamba upepo ulichanganya karatasi. Dirisha la ofisi ile halijafunguka tangu niajiriwe. Leo naandika ukweli, roho yangu itulie.

Yule binti alikuja mwenyewe na wino wake. Dawa za maabara zilikuwa zimeshamla mzee ngozi ya vidole, kimebaki kidole gumba cha kushoto. Akakilinganisha na alama aliyoiacha siku anaajiriwa, akaandika ripoti. Karani aliisoma mara mbili, akagonga muhuri. Ilisema hivi: alama ni za mtu yule yule, nimemwona kwa macho yangu, yu hai, amepiga chafya.

Marehemu wetu, asante kwa kufa mara zote zile ili watoto wa watu wajifunze, na asante kwa ule upepo. Mungu akupe miaka mingi yenye heri, na safari hii uiishi ukiwa umesimama.