Papa Feruzi na Kibali cha Kuingia Msituni

Papa Feruzi Nassoro anastaafu Jumapili hii, tarehe 31 Desemba 1967, baada ya miaka ishirini na tisa ya kulinda hifadhi ya msitu kwenye njia ya Bafwasende. Programu hii ya sherehe ya kumuaga Jumamosi nimepewa niiandike mimi, Safi, daktilo, mpiga chapa wa ofisi, kwa kuwa najua Kifaransa na Kiswahili, na kwa kuwa sisemi sana. Bon, mutu asiyesema sana anasikia.

Hifadhi yetu ilizaliwa juu ya meza. Mwaka 1938 mkuu wa kizungu alichukua rula, akapiga mstari kwenye ramani, akatangaza kwamba ndani ya mstari ni pori lisilowahi kuguswa na mutu. Ndani ya mstari kulikuwa na kijiji. Kijiji kikahamishwa ng'ambo ya barabara. Makaburi yakabaki na okapi. Tangu hapo, anayetaka kumwombea marehemu wake anahitaji kibali cha ofisi. Feruzi, kijana aliyekuwa amemzika mama yake mwaka uleule, akaomba kazi ya ulinzi.

Uhuru ulipokuja, mzungu alipanda ndege. Kiti kilipata mwenyewe mupya. Mstari haukusogea hata kidole. Wakubwa wetu wanaupenda msitu sana, hasa ule wa kwenye picha ya ukutani.

Agosti 1964 waasi waliingia mjini, na wakubwa wakaenda kuupendea msitu mbali, Léopoldville. Papa Feruzi alibaki. Waasi walifika kwenye posti yake wakitaka okapi kwa karamu. Bunduki ikiwa kifuani, akauliza: "Kibali iko wapi?"

"Muzee, unajua sisi ni nani?"

"Najua. Donc barua ya kuomba haitawashinda."

Walicheka mpaka wakaketi chini. Waliondoka na mkungu wa ndizi.

Wakubwa waliporudi walimletea demande d'explication, barua ya kumtaka ajieleze: kwa nini alilinda miezi minne bila kofia ya kazi? Alijibu kwa mstari mmoja: "Kofia ilikimbia pamoja na wakubwa."

Jumamosi Mkurugenzi atasema kwamba mstaafu alipenda uasilia wa pori. Atamkabidhi kreti ya bia, yeye aliyefunga Ramadani. Mimi nilimwuliza mwenyewe, nikipiga chapa dosye yake ya kustaafu. "Mwanangu, pori sikulipenda, iko na mbu. Mama iko mule." Kila Idi aliingia na yunifomu, akafagia kaburi, akasoma Fatiha. Mlinzi haulizwi kibali.

Mwezi ukionekana, Jumatatu ni Idi, naye yunifomu hana tena. Aliomba kibali. Mkurugenzi hakuinua hata kichwa: "Sheria ni sheria, papa. Raia wanangoja miezi mitatu."

Alors, naungama. Juzi niliingiza karatasi moja katikati ya arobaini za kusainiwa. Mkurugenzi anasaini haraka, hasomi. Imeandikwa: Feruzi Nassoro, kuzuru kaburi la mama yake, muda: maisha yote. Muhuri nimegonga mwenyewe. Demande d'explication yangu naisubiri. Jibu limekwisha kupigwa chapa, kwa lugha mbili.

Papa Feruzi, aksanti kwa miaka yote. Maisha yako yawe marefu, maana kibali kinadumu nayo. Jumatatu utusalimie mama.