Bonge la Damu Halimsubiri Baba Mkubwa

Mwangaluka, ndugu zangu! Asifiwe Bwana aliyenirudishia pumzi! Mimi ni Mama Kulwa wa hapa Somanda, mnanijua, kunyamaza siwezi.

Ilikuwa miaka ile soko huria limeanza, wanunuzi binafsi wanagombania pamba yetu. Nilikuwa nimepasuliwa uvimbe tumboni, nikarudi nyumbani kulala tu. Mguu wa kushoto ukavimba, nikaukanda kwa maji moto. Halafu siku moja nachambua pamba, kifua kikabana ghafla! Hewa haiingii! Wakanikimbiza hospitali ya hapa, nayo ikanihamishia hospitali ya Mwanza.

Ndugu zangu, daktari alisema damu iliganda mguuni, bonge likapanda mpaka kwenye mapafu. Akatueleza dawa mbili. Ya kwanza inazuia bonge lisikue, mwili wenyewe uliyeyushe polepole. Ya pili inaliyeyusha upesi, lakini inaweza kumwaga damu kwenye kidonda, hata kichwani. Tukaanza na ya polepole. Presha ikazidi kushuka, macho yakaingia giza. Daktari akasema, "Sasa inafaa ile kali. Mnakubali?"

Mume wangu, mwanaume mwema jamani, akajibu, "Tumsubiri baba mkubwa atoke Sola." Ndivyo ilivyo kwetu, jambo zito haliamuliwi bila mkubwa wa ukoo. Hee! Na baba mkubwa alikuwa hata hajapata habari!

Nikakusanya pumzi iliyobaki. "Anayekufa ni mimi! Daktari, niwekee!"

Mume wangu akalia, kisha, kwa kuwa hospitalini haikuwepo, akakimbia kuitafuta dawa kwenye maduka ya watu binafsi mjini. Akaipata. Niliogopa, sisemi uongo. Nikamwambia Yesu, dawa ni yako, damu ni yako, zishike zote mbili. Kidonda kilivuja kidogo, kikakoma. Kesho yake nilivuta hewa ikafika chini kabisa, nikacheka peke yangu kitandani.

Asante Yesu! Asante daktari! Ndugu zangu, kumtumaini Mungu si kukaa kitako. Dada Mbuke, uliyejifungua juzi, tangu ibada ianze nakuona unahema, na mguu umevimba. Umeniambia pale mlangoni unawasubiri mashemeji waje washauriane. Mungu hajawahi kumsubiri shemeji! Simama, nishike mkono, twende hospitali sasa hivi. Kwaya, imbeni. Sisi tunatoka.