Ngome ya Vaghinak Sahradyan

Wasikilizaji wapendwa, Jumanne tumempoteza Vaghinak Sahradyan. Fundi viatu wa mji wa Gyumri. Mchezaji wa sataranji. Miaka themanini na mmoja. Leo nitamkumbuka, lakini mimi Zaven ndiye niliyestahili kunyamaza.

Mwaka 1983, fainali ya ubingwa hapa Yerevan. Mimi ndiye niliyekuwa natangaza redioni. Hatua ya ishirini na tatu, Vaghinak aliacha kete yake ya ngome iliwe. Nikacheka hewani: “Jamani, fundi viatu kagawa ngome bure! Mrudisheni kwenye soli zake!”

Redio ya mgahawa wa ukumbini ilikuwa imefunguliwa kwa sauti kubwa. Watu wakaangua kicheko. Vaghinak akasikia. Hatua iliyofuata akarudisha farasi nyuma kwa woga, akashindwa.

Wiki tatu baadaye alinijia na daftari. Kurasa arobaini za penseli: adui akila ngome, njia hii, asipokula, njia ile.

“Ndugu Zaven, soma hata mstari mmoja redioni. Ngome haikuwa kosa.”

“Nitaangalia,” nikasema.

Niliangalia, wasikilizaji. Nilipanga kete ubaoni. Ukurasa wa tatu tu, nikaona alikuwa sahihi. Kosa lilikuwa langu. Nikalifungia daftari kwenye droo. Niliogopa kuchekwa, mimi niliyemfanya mtu achekwe na mji mzima.

Mwaka 1988 tetemeko la ardhi likaangusha Gyumri. Nyumba yake ikalala chini. Akaja tena, vumbi bado liko kwenye koti.

“Nakala yangu imefukiwa. Ile niliyokupa unayo?”

“Sijui ilipotelea wapi, Vaghinak.”

Ilikuwa kwenye droo ya pili. Nilikuwa nimeiegemea.

Akasema, “Basi, si neno,” akaniachia mkate wa lavashi aliokuwa amenibebea. Mtu asiye na nyumba!

Jana nilimpigia simu mjane wake, bibi Siranush. Nikamweleza yote. Akasema:

“Alikuwa anakusikiliza kila Alhamisi. Nikitaka kuzima, ananiambia, ‘Acha, mama, huenda leo akasoma.’ Miaka yote hiyo, Zaven.”

Nikamwomba msamaha.

“Msamaha usiniombe mimi faraghani kwa simu. Ulimtukania redioni, kaombee redioni.”

Basi nasoma. Hatua ya ishirini na tatu, ngome inatolewa. Adui anaila. Farasi anaruka mbele na kumtishia mfalme. Mfalme akikimbilia kona, malkia anamfunga kwa hatua tano. Akikimbilia katikati, kwa saba. Njia ya tatu hakuna. Vaghinak Sahradyan alikuwa ameshinda.

Bibi Siranush, wanawe, majirani wa Gyumri, poleni sana. Daftari litafika kwenu kesho, nitalileta kwa mkono wangu. Mkinifungia mlango, nitaliacha kizingitini.

Nanyi wasikilizaji, kama yupo mnayemnyima haki yake kwa kuwa mnaona haya, mwendeeni angali hai. Mimi nimesoma mstari huu leo, na aliyeusubiri hasikii.