Punje za Bluu za Mama Helena

Bi. Paulina Nandonde, Mama Helena kwetu sote, anastaafu tarehe 30 Juni baada ya kuitumikia maabara ya kituo chetu hapa Masasi kwa miaka thelathini na mmoja. Nimeombwa niandike kwa furaha. Haya, nitajaribu.

Alizaliwa kijijini Makote, kwa akina mama wanaokaanga korosho huku wakikohoa. Aliporudi na shahada yake ya kemia alikomaa na jambo moja tu: ule moshi wa maganda. Akatengeneza kichocheo cha kuwekwa kwenye bomba la jiko la kukaangia, punje nyeupe za alumina, kitu kigumu kama kauri, zilizobebeshwa shaba na nikeli, ili moshi ukipita humo uungue na kuisha. Kazi yote ilikuwa kwenye kuzichoma punje hizo. Moto wa wastani, unaopanda taratibu, huziacha metali mbili zimetawanyika chembe ndogondogo na kufanya kazi pamoja. Ukizidi, chembe hugandana mabonge, nyingine huzama ndani ya punje na kuigeuza bluu, na kichocheo kimekufa.

Hakuwa mpole, tusidanganyane. Ukigusa swichi ya tanuru lake bila ruhusa, shikamoo yako haikuitikiwa wiki nzima. Lakini chai yake ya tangawizi tuliigombania.

Mwaka jana jiko la majaribio lilijengwa Makote, wageni wakaalikwa. Siku ya kuchoma punje, Mama Helena alikuwa Newala kumzika kaka yake. Meneja wetu, Bwana Hamudi, aliyekulia kwenye korosho, akazitazama akaona bado mbichi. Huku kwetu nani asiyejua korosho mbichi inavyobabua midomo? Akapandisha moto wa tanuru mpaka mwisho. Punje zikatoka bluu, nzuri ajabu, wageni wakazipiga picha. Kisha jiko likawashwa, moshi ukatoka mweusi vilevile, na akina mama wakakohoa mbele yao. Ripoti ikasema kichocheo cha Bi. Paulina hakifai, mradi ukafungwa.

Aliporudi alishika punje moja, akauliza nani kazikaanga. Bwana Hamudi alikuwa anatazama simu yake. Inauma, jamani! Mpaka leo ripoti haijasahihishwa, tanuru limefunikwa turubai, na zawadi ya leo atakabidhiwa na Bwana huyohuyo.

Mama Helena, asante sana kwa kazi yako. Nilitakiwa nikutakie mapumziko mema na hewa safi ya nyumbani, ila nyumbani kwako ni Makote. Basi uishi miaka mingi, na Mungu akulindie kifua.